Oili Imefikaje Kwenye Distributa?

Distributa ni kifaa cha umeme. Hupokea umeme mkali kutoka kwenye koili na kuugawa kwa plagi, kila plagi kwa zamu yake. Oili haina kazi yoyote kwenye kazi hiyo. Kwa hiyo gari la zamani linapoanza kulowa oili chini ya distributa, kabla ya kushika spana tujiulize: imefikaje huko? Mafundi wengi hulivuka swali hili na kwenda moja kwa moja kwenye kuziba. Ndiyo maana distributa nyingi zimepakwa silikoni nyekundu pande zote na bado zinavuja.

Tuchukue injini moja, Toyota 22R: petroli, silinda nne, sentimita za ujazo 2,366, iliyofungwa kwenye pikapu za Hilux kuanzia miaka ya mwanzo ya 1980. Kama injini zote za mipigo minne, kila silinda yake huvuta, hukandamiza, huwaka na kutoa moshi wakati krenki inazunguka mara mbili. Maana yake ni kwamba kila plagi inahitaji cheche moja tu kwa mizunguko miwili ya krenki, na kifaa cha kugawa cheche lazima kizunguke kwa nusu ya kasi ya krenki. Bahati nzuri, ndani ya injini kuna shafti inayozunguka kwa kasi hiyohiyo tayari. Ni kamshafti, kwa sababu valvu nazo hufunguka mara moja kwa kila mizunguko miwili ya krenki. Wahandisi wa Toyota wakaweka gia yenye meno ya mshazari mbele ya kamshafti, ndani ya silinda hedi, nayo ikawa inazungusha distributa. Krenki ikienda mizunguko 3,000 kwa dakika, distributa inakwenda 1,500, na kila mzunguko wake unatoa cheche nne. Hizo ni cheche 100 kila sekunde.

Gia za chuma zinazosuguana kwa kasi hiyo zikikosa oili hazidumu. Hapo tumeshapata nusu ya jibu: oili iko pale kihalali. Mguu wa distributa umesimama ndani ya ukungu wa oili ya moto, na kichwa chake kinatakiwa kibaki kikavu. Kati ya mguu na kichwa oili ina njia mbili tu. Inaweza kupita nje ya bodi, pale bodi inapoingia kwenye tundu la hedi. Njia hiyo inazibwa na pete ya mpira, oringi. Au inaweza kupanda ndani ya bodi ikifuata shafti. Huko inazuiwa na oili sili, ikisaidiwa na bushi zinazoishika shafti isiyumbe.

Lakini hakikisha kwanza kwamba mvujaji ni distributa. Kwenye 22R, juu ya distributa kuna gasketi ya tapeti kava na kipande cha mpira chenye umbo la nusu mwezi kwenye ncha ya hedi. Kimojawapo kikichoka, oili hushuka, hulowesha distributa, na lawama zote huiangukia yenyewe. Osha eneo lote, likauke kabisa, kisha nyunyiza poda ya mtoto au unga wa chaki. Washa injini na subiri huku ukimulika kwa tochi. Oili hushuka kwa uzito wake, na feni huipeperusha kuelekea nyuma. Basi chanzo ni ile sehemu iliyolowa iliyo juu zaidi na mbele zaidi. Usidharau uvujaji mdogo: matone kama 20 hufanya mililita moja, kwa hiyo tone moja kila dakika, injini ikifanya kazi saa kumi kwa siku, ni mililita 30. Kwa mwezi inakaribia lita nzima, na injini nyingi zimekufa kwa upungufu wa oili ulioanza hivyo.

Tukishathibitisha, tuanze na oringi. Wazo la pete ya mpira iliyokaa ndani ya mfereji liliombewa hataza na Niels Christensen, mzaliwa wa Denmark aliyehamia Marekani, mwaka 1937, naye akaipata mwaka 1939. Siri yake ni kwamba mpira ukibanwa haupungui ujazo, unabadili umbo tu. Mfereji una kina kidogo kuliko unene wa pete, hivyo bodi inapoingia tunduni pete inabanwa na kuzisukuma kuta zote mbili. Oili ikija kwa presha, inaigandamiza pete kwenye pengo na kuzidi kuliziba.

Yote hayo yana sharti moja: mpira uwe bado na nguvu ya kurudi ulipotoka. Mpira ni minyororo mirefu ya molekuli iliyoshikamana hapa na pale. Joto la karibu nyuzi 100 likiupiga mwaka hadi mwaka, vishikizo huongezeka, vilainishi hutoka, na pete inakakamaa. Toa oringi iliyokaa miaka mingi uitazame kwa karibu. Haina tena mkato wa duara. Imekuwa bapa pande mbili, umbo kamili la mfereji wake, na ukiikunja inakatika. Pete ya namna hiyo imejaza nafasi lakini haisukumi chochote, na oili inapita kando yake. Ukipata ya mpira wa vaitoni, ichukue. Huvumilia joto kubwa kuliko naitraili ya kawaida.

Silikoni haifai hapa. Hukauka bila kubanwa kama pete, hivyo haizisukumi kuta, na makombo yake yakidondoka ndani hushuka kwa njia ya cheni inayozungusha kamshafti hadi sampu, ambako chujio la pampu ya oili linayasubiri.

Kuchomoa kunahitaji utulivu. Chomoa waya wa betri, leta silinda namba moja juu kabisa kwenye mpigo wa kukandamiza, kisha fungua kofia ya distributa uchore alama mbili: bodi ilivyokaa kwenye hedi, na rota iliyo juu ya shafti inavyoelekea. Vuta taratibu ukiangalia rota. Utaiona inageuka, kwa sababu meno ya gia yamekaa mshazari. Weka alama ya tatu pale inapoishia. Wakati wa kurudisha, anza na alama hiyo ya tatu, na rota itajigeuza yenyewe hadi ya awali. Paka oringi mpya oili safi ya injini isije ikachanika. Kisha pima taimingi kwa taa, ukifuata kibandiko kilicho chini ya boneti. Kwa kuwa distributa inazunguka nusu ya krenki, nyuzi moja ya kosa kwenye bodi ni nyuzi mbili kwenye krenki. Kukadiria kwa macho hakutoshi.

Ukifungua kofia ukakuta oili ndani, oringi haihusiki. Shika ncha ya shafti uitikise kushoto na kulia. Ikicheza, bushi zimekwisha, na kubadilisha sili peke yake ni kupoteza fedha, maana mdomo wa sili hauwezi kuifuata shafti inayoyumba mara 25 kila sekunde. Kuyumba huko pia kunabadilisha pengo la pikapu ya umeme (koili ndogo inayohisi shafti ikizunguka), ambalo kwenye 22R hutakiwa kuwa kati ya milimita 0.2 na 0.4, na injini inaanza kumisi.

Bado hatujauliza kinachoisukuma oili. Ringi za pistoni hazizibi asilimia mia. Gesi kidogo hupenya hadi kwenye sampu, na kwenye 22R inapanda kwa njia ya cheni hadi pale mguu wa distributa ulipo. Kuna valvu ya upumuaji kwenye tapeti kava ya kuirudisha gesi hiyo ikachomwe. Ikiziba kwa masizi, presha hupanda na kutafuta mpira dhaifu kuliko yote. Chomoa valvu hiyo injini ikinguruma bila kukanyagwa mafuta na uweke kidole: lazima uhisi inavuta. Ukiitikisa mkononi, lazima ilie. Usipoijali, oringi mpya itaanza kulowa tena. Na kama valvu ni nzima lakini ukifungua kifuniko cha oili moshi unatoka kwa kusukuma, injini hiyo inadai ringi za pistoni, na hakuna distributa utakayonunua itakayokaa kavu.