Kufundisha Vipimo vya Metriki: Kutoka Shubiri Hadi Hekta

Mwanachuo mmoja aliyekuwa katika mazoezi ya kufundisha huko Loliondo aliwakaririsha wanafunzi wa Darasa la Nne jedwali la urefu, kutoka kilometa hadi milimeta, nao wakalisema bila kosa. Nilipomwuliza mmoja wao kimo cha mlango wa darasa, alijibu kwa ujasiri, "Kilometa mbili." Wenzake hawakucheka. Hapo nikatambua kwamba darasa zima lilikuwa na majina ya vipimo, lakini halikuwa na vipimo vyenyewe.

Mfumo wa metriki ulianzishwa Ufaransa katika miaka ya 1790. Tarehe 20 Mei 1875 mataifa 17 yalitia saini Mkataba wa Meta mjini Paris, na leo karibu dunia nzima huutumia mfumo huo. Marekani ilikuwamo miongoni mwa mataifa hayo, hata hivyo barabara zake zingali zikipimwa kwa maili. Tanzania nayo iliacha ratili, futi na galoni za Waingereza kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960. Lakini sheria haifuti mazoea kwa siku moja: sokoni mahindi bado hupimwa kwa debe, na shamba hutajwa kwa eka. Mwalimu asivibeze vipimo hivyo, bali avitumie kama ngazi.

Hatua ya kwanza: Kila mwanafunzi apime dawati lile lile kwa shubiri yake. Majibu yatatofautiana. Waulize, kama dawati hili lingekuwa kitambaa cha kuuzwa, tungefuata shubiri ya nani? Baada ya hapo ndipo uwape kamba ya meta moja.

Hatua ya pili: Wajaze debe kwa maji wakitumia chupa ya lita moja, huku wakihesabu. Waeleze kwamba lita moja ya maji ina uzito wa takriban kilogramu moja. Hivyo hata shule isiyo na mawe ya mizani haikosi kilogramu. Kisha wainue debe la mahindi na debe la mkaa. Watagundua wenyewe kwamba debe hupima ujazo, si uzito, na kwamba mkulima auzaye kwa lumbesa hutoa ziada bila malipo.

Hatua ya tatu: Watoke nje wapime mraba wenye meta 100 kila upande. Hiyo ni hekta moja, yaani karibu eka mbili na nusu. Hekta 100 ni kilometa moja ya mraba.

Huko Loliondo hesabu hii si ya mtihani tu. Mwaka 2022 serikali iliweka mipaka ya kilometa za mraba 1,500 kati ya 4,000 za Pori Tengefu la Loliondo, na wafugaji wengi walipinga. Mtoto husikia tarakimu hizo zikibishaniwa na wakubwa wake. Si kazi ya mwalimu kumchagulia upande. Kazi yake ni kumwezesha kujua kuwa hizo ni hekta 150,000, na awe amekwisha kuizunguka hekta moja kwa miguu yake.

Basi, kabla ya kuandika andalio la somo la vipimo, mwanachuo ajiulize: leo wanafunzi wangu watapima nini kwa mikono yao?