Sindano ya Ng'ombe na Kikombe cha Mtoto

Soma kwanza: Mithali 27:23-27

Mafungu haya yanaanza na kundi na kumalizika na maziwa. Mtu aangalie kwanza hali ya wanyama wake, ndipo nyumba yake itapata maziwa ya kuitosha. Hatuwezi kugeuza mpango huo.

Mama anayenunua jibini sokoni Walikale hamwoni ng'ombe. Kule kwenye msitu ng'ombe ni wachache, na jibini hushuka kutoka milima ya Masisi. Mama huiangalia kama ni nyeupe, huinusa, hutoa falanga zake. Mengine yote amemwachia mfugaji asiyemjua.

Jambo la kwanza mmelisikia mara nyingi hapa hospitali: maziwa yachemshwe mpaka yafure. Katika maziwa mabichi mna vidudu vya kifua kikuu cha ng'ombe na vya bruselosi, ule ugonjwa unaofanya ng'ombe kutupa mimba. Kwa mtu, bruselosi huleta homa inayokwenda na kurudi, jasho la usiku na maumivu ya viungo. Wengi huidhani malaria, wakanywa dawa ya malaria bila kupona. Jibini na mashanza ya maziwa mabichi zaweza kuwa na vidudu hivyo vilevile. Moto huviua. Basi, chemsha kwanza, kisha gandisha.

Lakini kuna kitu ambacho moto hauwezi kukitosha kukiondoa, nacho ni dawa aliyodungwa ng'ombe. Somo letu la leo ni juu ya hiyo.

Ng'ombe akiugua kiwele, au akipata homa, hudungwa penisilini au oksitetrasaiklini. Ni dawa njema, nasi twazitumia kwa watu. Lakini dawa haikai mahali pa sindano tu. Huingia katika damu, na kutoka katika damu huingia katika maziwa, kwa siku kadhaa. Mtu ambaye mwili wake unakataa penisilini aweza kutokwa na vipele, hata kukosa pumzi. Tena kuna hatari isiyoonekana upesi. Vidudu vinavyoonja dawa kidogo kidogo huizoea. Siku mtoto atakapoletwa kwetu na homa kali, dawa ileile yaweza kushindwa.

Yafaa kujua kwamba wafugaji wa nchi nyingine wameshindana sana juu ya sindano za ng'ombe. Mwaka 1994 huko Marekani kampuni iitwayo Monsanto ilianza kuuza homoni ya kuongeza maziwa. Ng'ombe anayo homoni ya namna hiyo mwilini mwake tangu kuzaliwa, lakini watu walijifunza kuitengeneza, wakamdunga kila baada ya siku 14. Aliyekuwa akitoa vikombe kumi aliweza kutoa kumi na kimoja au zaidi.

Wengine walisema maziwa hayo ni sumu. Sisi tusiseme hivyo. Serikali ya Marekani ilichunguza na kusema hayana tofauti kubwa na mengine; homoni yenyewe, ikinywewa, tumbo huisaga kama linavyosaga nyama. Taabu ilionekana kwa ng'ombe. Waganga wa wanyama walioshauri serikali ya Kanada waliona kwamba hatari ya ugonjwa wa kiwele iliongezeka kwa karibu robo, na ya kuchechemea kwa karibu nusu. Kanada iliikataa sindano hiyo Januari 1999, na Umoja wa Ulaya ukaikataza tangu mwaka 2000. Na ng'ombe mwenye kiwele kibovu hudungwa nini? Ni zile dawa tulizozitaja. Basi twarudi kwenye kikombe.

Katika jimbo la Maine, wafugaji waliouzia kiwanda cha Oakhurst walitia sahihi kwamba hawatatumia homoni hiyo, na kiwanda kikaandika ahadi yao juu ya maziwa. Mwaka 2003 Monsanto ilikishitaki. Shauri likaisha mwaka uleule kwa mapatano: ahadi ilibaki, lakini yakaongezwa maneno ya kwamba serikali haikuona tofauti kubwa. Mimi naona ni mwisho mwema. Mnunuzi aliambiwa yote mawili, akachagua mwenyewe.

Tazama nguvu yao ilitoka wapi. Mfugaji mmoja akiahidi peke yake, nani atamsikia? Walitia sahihi wengi.

Sasa, sisi. Taabu yetu si homoni ya Marekani, ni chupa ndogo ya dawa iliyonunuliwa sokoni. Tafuteni juu yake maneno ya Kifaransa "délai d'attente", penye neno "lait". Hapo pameandikwa muda wa kungoja kabla ya kutumia maziwa. Dawa nyingine ni siku tatu, nyingine saba au zaidi. Usiyejua kusoma, mpe mtoto wa shule akusomee. Mfunge ng'ombe kitambaa chekundu shingoni, mkamue wa mwisho, katika chombo chake, na maziwa hayo yamwagwe mbali na kijito.

Najua neno hili ni gumu. Vita vilivyoanza mwaka 1993 katika Walikale na kuenea Masisi vilimaliza mifugo mingi mno, na vita vingine vimefuata. Mwenye ng'ombe mmoja aliyebaki, ukimwambia amwage maziwa siku saba, umemwambia watoto wake wakae bila chumvi wala sabuni. Haifai kumhubiria tu na kwenda zako. Kila kilima chaweza kupatana, kama tunavyofanya likirimba: ng'ombe wa nyumba moja akiwa na kitambaa chekundu, nyumba nyingine kila moja itoe kikombe kila asubuhi. Kesho ni zamu ya mwingine. Watengenezaji wa jibini waingie katika mapatano hayo, maana hasara ni yao pia: maziwa yenye dawa mara nyingi hukataa kuganda vizuri, kwa kuwa dawa imeua vile vidudu vyema vinavyogandisha. Lakini yakiganda, usidhani ni salama. Dawa kidogo hupita bila kuonekana. Na ombi la kupata veterineri, lipelekwe na chama cha wafugaji, kama vile ACOGENOKI, wala si mtu mmoja mmoja.

MAULIZO

1. Kwa nini kuchemsha kunatosha kwa bruselosi, lakini hakutoshi kwa dawa?

2. Ng'ombe amedungwa Jumatatu, na chupa yasema siku saba. Jumamosi mgeni amefika, na hakuna maziwa mengine nyumbani. Mtafanya nini?

3. Katika kilima chenu, nani atakwenda kwanza kuzungumza na majirani juu ya kitambaa chekundu?