Mafuta hayaazimwi: somo juu ya akili bandia na kazi zetu za darasa



Leo nataka tujifunze juu ya akili bandia, ile mashini ya mazungumzo ambayo wengi wetu tunaifungua katika telefone ili ituandikie kazi za darasa. Tangu ChatGPT ilipotolewa kwa watu wote, tarehe 30 Novemba 2022, zingine nyingi zimefuata, na hata sisi hapa tuko nazo. Sikuandika ili nizikataze. Nataka tuone namna gani zinafaa kwa mwanafunzi mwenye egzame mbele yake.

1. Iko kitu gani?

Wengine wanafikiri ni sawa na kitabu kikubwa chenye majibu yote ndani. Sivyo. Mashini hii ilipitishiwa maandishi mengi sana, na humo ikajifunza neno gani hufuata neno gani. Unapoiuliza, inatunga jibu kidogo kidogo, ikichagua neno linaloelekea kufuata. Kwa hiyo inaweza kusema kweli, inaweza pia kusema uongo, na namna yake ya kusema haibadiliki.

Mwaka 2023, kule New York, avoka wawili walipeleka kwa tribinali maandishi yenye kutaja hukumu za zamani ambazo hazikuwako kamwe. ChatGPT ndiyo ilizitunga. Jaji aliwatoza faini ya dola 5.000. Wale walikuwa watu wa masomo makubwa, lakini hawakwenda kutafuta hukumu zenyewe.

2. Yaliyonipata mimi

Kwa kuwa kazi yangu ni kuangalia wengine, inafaa niseme kosa langu kwanza. Trimestre iliyopita mwalimu wa historia alitupa kazi juu ya Simon Kimbangu. Mimi mwenye kukusanya telefone za wengine kila asubuhi, nilinunua mega za usiku, nikaiambia mashini iniandikie. Ikatoa kurasa mbili, Kifaransa kizuri sana. Nikakopi tu.

Mwalimu aliposoma akaniita: «Weye, hii mwaka 1959 uliitosha wapi?» Mashini iliandika kama Kimbangu alikufa mwaka 1959. Kweli ni kwamba alikamatwa mwaka 1921, akafa mwezi wa 10 mwaka 1951 akiwa mfungwa kule Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, nyuma ya miaka 30 ya kifungo. Sikuwa na jibu. Akaniuliza tena maana ya neno moja la Kifaransa lililokuwa katika mstari wa kwanza. Nalo sikulijua.

Nilipata sifuri. Lakini sifuri haikuniuma kama sauti ya wadogo wa darasa la saba walionipita uwanjani wakicheka: «Kaka, hata weye?» Nimekwisha kuomba msamaha kwa mwalimu na kwa Prefe. Leo naomba kwenu.

3. Hasara iko wapi?

Hata kama mashini ingesema kweli tupu, hasara ingebaki. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, walijaribu jambo hili katika shule ya sekondari nchini Uturuki, wakatangaza matokeo mwaka 2024. Wanafunzi karibu 1.000 walifanya mazoezi ya hesabu. Kikundi kimoja kilipewa mashini yenye kujibu kila kitu: katika mazoezi kikapita wenzao kwa asilimia 48. Kisha mashini ikaondolewa, kila mtu akafanya egzame peke yake. Kikundi kile kikawa chini kwa asilimia 17 kuliko wale ambao hawakuipata kamwe. Kikundi kingine kilipewa mashini iliyotengenezwa ili ionyeshe njia bila kutoa jibu. Hicho hakikupata hasara ile.

Sasa tujitazame sisi. Katika chumba cha Egzame ya Serikali, iliyoanzishwa mwaka 1967, telefone haiingii. Pale kila mmoja iko na biki yake na kichwa chake. Disertasio unaitunga mwenyewe, Kifaransa cha mdomo unakisema mwenyewe. Mnakumbuka mfano wa wanawali kumi katika Matayo 25. Wale watano nao walikuwa na taa, nao walimngojea bwana arusi. Walikosa mafuta tu, na usiku ule hakuna aliyeweza kuwaazima. Mama zetu wanauza makala na mihogo sokoni ili tupate hayo mafuta. Tukikopi, tunarudi nyumbani na pointi nzuri na taa iliyo tupu.

4. Tuitumie namna gani?

a) Fanya kazi kwanza wewe mwenyewe katika daftari. Kisha uiulize: «Nimekosa wapi? Usinipe jibu, nionyeshe njia tu.»

b) Uiombe ikuulize wewe. Andika humo somo lako la biolojia, useme ikupe maswali 10 ya kuchagua jibu, sawa yale ya Egzame ya Serikali.

c) Kila mwaka, kila jina na kila hesabu, uhakikishe katika kitabu ao kwa mwalimu.

d) Kama ilikusaidia, useme wazi chini ya kazi yako.

e) Usiipe siri za nyumbani wala picha za wenzako. Ukikwisha kuzituma, hazirudi.

f) Wadogo, mngoje. Mwaka 2023 UNESCO ilishauri kwamba mtoto asiye na miaka 13 asitumie vyombo hivi darasani.

Nanyi msio na telefone, msijione mumeachwa nyuma. Watu wanne wenye kuulizana maswali chini ya mti wanafanya kazi ileile, tena bila mega.

Maswali ya kuzungumza

1. Kuna tofauti gani kati ya kusaidiwa na kufanyiwa?
2. Ukiona rafiki anakopi kutoka mashini, utamwambia nini?
3. Ni somo gani ambalo huwezi kulieleza leo bila telefone? Anza na hilo wiki hii.

Bwana atusaidie sote, zaidi sisi wafinalisti.

Ndugu yenu, mkuu wa wanafunzi