SOMO: PICHA IKIUZWA, NANI ANAPATA NINI?



Safari hii somo letu la nchi jirani linatupeleka Unguja, katika Mji Mkongwe, ambao UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000. Katika vichochoro vyake ziko nyumba nyingi za sanaa zinazouza picha za wachoraji wa leo. Wengine watauliza: mambo ya watalii yanatuhusu nini sisi wa mashamba na viwanda? Yanatuhusu. Nyumba ya sanaa ni mahali pa kazi, na mchoraji huishi kwa jasho lake kama sisi.

1. Mchoraji ni nani?
Picha nyingi zinazouzwa pale ni za mtindo wa Tingatinga. Jina hilo ni la Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa kusini mwa Tanzania mwaka 1932. Kabla ya kuhamia Dar es Salaam alikuwa kibarua katika mashamba ya mkonge, Tanga. Kwenye mwaka 1968 alianza kuchora juu ya hadibodi kwa rangi ya baiskeli. Mwaka 1972 aliuawa kwa risasi ya polisi, lakini wanafunzi wake waliendeleza kazi.

2. Bei hugawanywaje?
Mara nyingi mwenye nyumba ya sanaa hanunui picha. Huipokea kwa mali kauli: ikiuzwa, ndipo amlipe mchoraji. Katika nchi nyingi mwenye nyumba hubaki na sehemu kubwa, mara nyingine nusu. Tuseme picha imeuzwa shilingi 100,000. Mchoraji anapata 50,000, na humo atoe gharama za rangi na ubao. Tusikimbilie kumwita mwenye nyumba mnyonyaji: naye analipa pango, umeme na mishahara, hata wakati wa masika watalii wanapopungua. Ubaya uko katika ahadi ya mdomo. Mchoraji asipoijua bei iliyolipwa na mteja, atajuaje kama amepewa haki yake?

3. Nyumba yenyewe
Nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Kuta hizo hunywa maji ya mvua na kuyatoa polepole. Ukizipiga plasta ya saruji, maji hufungiwa ndani na chokaa hulegea. Picha iliyobanwa ukutani hushika ukungu. Lakini hatari kubwa ni ya watu. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit-al-Ajaib, jumba la mwaka 1883, iliporomoka wakati wa matengenezo. Watu wawili walikufa. Basi fedha ya ukarabati si pambo; ni usalama wa wafanyakazi.

4. Njia ya ushirika
Mwaka 1990 wachoraji wa Tingatinga huko Dar es Salaam waliunda chama chao cha ushirika. Pango na rangi bado hulipiwa, lakini wanachama wana haki ya kuuliza hesabu.

Asiye na ushirika adai karatasi yenye mambo manne: orodha ya picha, bei ya kila moja, fungu la kila upande na siku ya malipo, na nani atabeba hasara picha ikiharibika.

Maswali ya kujadili tawini:
(a) Je, sisi tunaijua bei ya mwisho ya tunachozalisha?
(b) Ni makubaliano gani kazini kwetu ambayo bado ni ya mdomo?
(c) Nani hukagua majengo tunamofanyia kazi?

Mali bila maandishi huzaa ugomvi. Tuandikiane.