BUSTANI YA NYUMBANI WAKATI WA KIANGAZI



Hapa Ludara mvua huwa haba kuanzia Desemba mpaka Machi, na mboga huadimika. Fanya hivi:

1. Chimba kitalu karibu na nyumba, kiwe chini ya usawa wa ardhi kwa sentimita 10, ili maji yasikimbie.
2. Changanya udongo na samadi iliyooza.
3. Panda mchicha, kunde na mgagani. Mchicha huchumwa baada ya wiki 3 au 4.
4. Mwagilia jioni, kwenye shina, maji uliyooshea mboga. Maji ya nepi usitumie.
5. Tandaza nyasi kavu.
6. Acha miche michache izae mbegu. Mimi nilichuma yote, nikaomba mbegu kwa jirani. Wewe weka zako.