Homa isiyokwisha: ukipimwa, uliza umepimwa nini

Ndugu msomaji, huenda wewe unaishi Mombasa, Nairobi au Dar es Salaam, lakini bila shaka una jamaa nyumbani ambaye kila ukimpigia simu hukwambia homa imemrudia. Tumchukue mvuvi wa Kizingitini, kisiwani Pate, awe mfano wetu juma hili. Alishikwa na homa kali, kichwa na mgongo vikamuuma, akapewa dawa ya malaria. Siku ya nne akapata nafuu, akarudi baharini. Baada ya kama juma moja homa ikampanda tena. Mara hii akaambiwa ana taifodi, akameza vidonge, akapoa. Kisha homa ikarudi mara ya tatu. Sasa inambidi aende Faza, au angoje maji yajae apande mashua hadi hospitali ya Lamu, huku siku za kazi zikipotea na nauli ikimtoka mfukoni. Mkononi ana karatasi nne za maabara, na bado hajui anaumwa nini.

Karatasi zile huenda hazikusema uongo. Tatizo ni kwamba kila kipimo hujibu swali moja tu, lile kilichoulizwa. Kipimo cha haraka cha malaria, kile cha tone la damu kidoleni, hutafuta protini za vimelea vya malaria, basi. Hakiwezi kuona kitu kingine chochote. Tena, baadhi ya vipimo hivyo huendelea kuonyesha malaria kwa majuma kadhaa baada ya mgonjwa kupona, kwa sababu mabaki ya vimelea bado yamo damuni. Kwa hiyo mtu aliyetibiwa juzi anaweza kuonyesha malaria leo, ilhali homa ya leo ina sababu nyingine kabisa.

Watu wa Lamu wana sababu ya kuyaelewa haya. Katikati ya mwaka 2004 homa yenye maumivu makali ya viungo ilienea kisiwani humo. Wengi walidhani ni malaria, lakini damu zao hazikuonyesha malaria. Vipimo vya kitaalamu ndivyo vilivyobainisha kuwa ni chikungunya, virusi vinavyoenezwa na mbu. Damu za wakazi zilipochunguzwa baadaye mwaka huo, takriban watu 75 katika kila 100 walikuwa na alama za maambukizi hayo. Chikungunya huweza kuacha maumivu ya viungo kwa miezi, na dawa ya malaria haiyaondoi.

Lakini turudi kwa mvuvi wetu. Homa inayokuja, ikaondoka, ikarudi, yapasa kumkumbusha tabibu jina moja la zamani: papasi. Huyu ni jamii ya kupe, ila hakai juu ya ng'ombe. Hukaa ndani ya nyumba, katika nyufa za kuta za udongo na sakafu ya vumbi. Usiku hutoka, humfyonza damu mtu aliyelala kwa muda mfupi, kisha hurudi mafichoni. Asubuhi mgonjwa hana kupe mwilini wala hana habari. Papasi anaweza kuishi miaka kadhaa bila kula, hivyo nyumba iliyohamwa zamani si lazima iwe salama.

Bakteria anaowaeneza huitwa Borrelia duttonii, kwa jina la daktari Mwingereza, Joseph Everett Dutton. Dutton alikuwa akiuchunguza ugonjwa huu Kongo ya mashariki, ukamshika yeye mwenyewe, akafa Kasongo mwezi wa Februari 1905. Mwaka huohuo Robert Koch, akiwa Afrika Mashariki ya Wajerumani, ambayo sehemu yake kubwa ndiyo Tanzania bara ya leo, alionyesha kwamba papasi jike huwarithisha watoto wake vijidudu hivyo kupitia mayai. Sisemi kwamba kila nyumba ya Pate ina papasi. Ugonjwa huu umejulikana zaidi sehemu za kati za Tanzania, hasa Dodoma. Lakini mvuvi husafiri, mchuuzi hufuata mbuzi bara, na kijana huenda kutafuta kibarua akalala popote. Ndiyo maana swali la kwanza lingekuwa: katika majuma matatu kabla ya homa ya kwanza, ulilala wapi?

Sasa sikiliza jambo ambalo hupoteza wagonjwa wengi. Homa ya papasi hushuka yenyewe baada ya siku tatu hadi tano, hata bila dawa. Mwili umewashinda vijidudu wa kundi la kwanza. Wachache hubadili sura yao, huzaana kimyakimya, na baada ya siku kadhaa homa hurudi. Kwa hiyo dawa yoyote aliyokuwa akimeza mgonjwa siku ile homa iliposhuka itapata sifa isiyostahili. Ikiwa ni ya malaria, atasema ilikuwa malaria. Ikiwa ni maji ya kombe, atasifu kombe.

Kipimo chake si cha ajabu wala cha ghali. Ni slaidi ileile ya damu inayotumiwa kutafuta malaria kwa hadubini. Vijidudu huonekana kama nyuzi zilizojipinda, katikati ya chembe za damu. Sharti ni moja: damu itolewe wakati homa iko juu. Ukienda siku umepoa, vijidudu ni wachache mno, na utapewa karatasi safi isiyokusaidia. Mwambie mtaalamu wa maabara, kwa heshima, kwamba homa hii imerudi mara tatu, ili asiishie kwenye malaria. Hapa, kwa maoni yangu, vipimo vya haraka pamoja na manufaa yao makubwa vimetuletea hasara: jicho la mtu kwenye hadubini lilikuwa likigundua hata lile lisiloulizwa.

Kuna pia kupe wa kawaida, wa ng'ombe na mbuzi. Hawa huweza kuleta homa ya rikesia. Jikague mwili mzima, kwapani, kinenani na nyuma ya magoti. Kidonda kidogo chenye kigaga cheusi, pamoja na mtoki na kichwa kuuma, ni ushahidi mkubwa kuliko kipimo cha kingamwili, kwani kingamwili aghalabu hazionekani damuni katika juma la kwanza. Tabibu mzoefu huanza dawa bila kungoja jibu.

Kuhusu vipimo vya kingamwili kwa jumla, tahadhari. Kingamwili ni kumbukumbu ya mwili. Yaweza kuwa ya ugonjwa wa mwaka juzi. Widal ya taifodi na kipimo cha haraka cha brusela vimewapa watu wengi magonjwa wasiyokuwa nayo. Kwa brusela, utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha jinsi kipimo hicho kilivyokuwa kikikosea katika vituo vya afya nchini Kenya. Hata hivyo, mtu anayekunywa maziwa mabichi na ana homa ya muda mrefu achunguzwe brusela, ila kwa kipimo cha kuaminika.

Wengine huniuliza kuhusu ugonjwa wa Lyme, waliousikia kwa jamaa walio Marekani. Huo huenezwa na kupe wa nchi za kaskazini. Kama hujawahi kufika huko, usilipie kipimo hicho. Kikionyesha umeambukizwa, yaelekea zaidi ni makosa, maana hata homa ya papasi huweza kukichanganya.

Na si kila uchovu ni kupe. Homa za jioni na kukonda vyataka kifua kikuu na virusi vya UKIMWI vipimwe mapema.

Homa ya papasi hutibika kwa dawa kama doksisiklini au penisilini, lakini usijinunulie dukani. Mjamzito hasa awahishwe hospitali homa inapoanza, kwa kuwa ugonjwa huu huweza kumwua mtoto tumboni, na doksisiklini kwa kawaida haimfai. Tena, saa chache baada ya dozi ya kwanza mgonjwa anaweza kutetemeka, joto likapanda na presha ikashuka, kwa sababu vijidudu wanakufa kwa wingi. Dozi hiyo aipate mahali penye muuguzi, na alale hapo usiku huo.