Ujubu: Maradhi ya Kujiona

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baad.

Ndugu Muislamu, yako maradhi ya moyo ambayo mwenye nayo hayajui, kwani hayamtii homa wala hayamzuii kusali safu ya kwanza. Maulamaa wameyaita ujubu, nayo ni mtu kuikuza neema aliyo nayo na kuitegemea, akasahau kuwa yuko aliyempa. Imamu Ghazali, katika kitabu chake Ihya Ulumiddin, ameipambanua na kibri: mwenye kibri hana budi apate mtu wa pili wa kujiweka juu yake, ama mwenye ujubu, lau angeumbwa peke yake duniani, angejiona vivyo hivyo.

Alama zake zi katika mambo ya kila siku. Mtu hupita barazani, mwenziwe asimtazame, akaenda zake na moyo unamwaka, akisema, "Amenidharau." Haimpitii kuwa huenda mwenziwe ana mtoto mgonjwa nyumbani, au ana deni limemfika. Hulichukua jeneza mazikoni, na jicho lake li kwa watu: ni nani aliyemwona? Akipata faida, ni akili yake. Akipata hasara, ni husuda ya watu. Basi ulimwengu wote kwake huwa ni kisa kimoja, na shujaa wa kisa hicho ni yeye. Wengine wameletwa ili wamsifu au wamuudhi.

Mtazame nahodha. Jahazi likifika salama kwa kaskazi, watu humpa mkono yeye. Lakini yuko aliyelitia kalafati, yuko aliyeshona tanga, wako mabaharia waliofua maji usiku kucha. Na upepo hakuuleta yeye. Karun naye, ambaye habari zake zi katika Sura ya Al-Qasas, alidai kuwa mali yake ameipata kwa ilimu yake mwenyewe. Ardhi ikammeza, yeye na nyumba yake.

Wala usidhani kuwa ilimu peke yake ni kinga. Ghazali huyo huyo aliwekwa kusomesha katika madrasa ya Nidhamiya, Baghdad, mwaka 484 wa Hijra (1091), akawa na wanafunzi wapatao 300. Alipoipima nia yake, akaona kuwa si safi kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, bali inasukumwa na kutaka cheo na jina. Akasitasita karibu miezi sita, hata ulimi wake ukafungika asiweze kusomesha. Mwaka 488 (1095) akakiacha cheo, akaigawa mali yake isipokuwa ya kumtosha yeye na wanawe, akenda Sham. Mwaka 499 (1106) alirejea kusomesha, huko Nishapur. Kazi ilikuwa ile ile; aliyoitafutia dawa ni nia.

Huenda msomaji akauliza: je, mtu asijitazame kabisa? Siyo hivyo. Mtume (s.a.w.) ametufunza kuwa kila mmoja wetu ni mchunga, naye ataulizwa juu ya alichokichunga, na siku ya Kiyama hatukuja na wakili. Basi katika hesabu jiweke wa kwanza, na katika sifa jiweke wa mwisho. Mwenye ujubu hufanya kinyume chake.

Dawa yake ni mambo matatu. La kwanza, kila upatapo neema, wakumbuke walioshika kamba pamoja nawe, na kabla yao umshukuru Mwenye kuitoa. La pili, ndugu yako akikuudhi, mtafutie udhuru kabla hujamhukumu. La tatu, uwe na amali moja ya kheri asiyoijua mtu, hata mkeo. Na usiku, kabla hujalala, uihesabu nafsi yako.

Mwenyezi Mungu azitakase nyoyo zetu, wala asituache na nafsi zetu hata kwa kupepesa jicho. Amin.